Skeletoni na theluji: jinsi ya kupanga wikiendi ya barafu na marafiki

Mbio yenyewe haifiki dakika moja. Nimeanza na hilo kwa makusudi, maana ndilo linalowapotosha wengi. Watu hupanga siku mbili za skeletoni, kumbe skeletoni ni sekunde chache za asubuhi moja, na saa zote zinazobaki ni baridi, kusubiri, kuvaa, kuvua na kuchekana. Ukizipanga saa hizo nyingi zizitumikie zile sekunde chache, wikiendi inanoga. Ukipanga kinyume, yatawapata yaliyotupata sisi. Kundi letu la kwanza lilifika Ijumaa jioni likakimbilia ubao wa theluji, yaani kushuka mteremko umesimama juu ya ubao mmoja, usiku uleule, chini ya taa, bila mkufunzi. Kesho yake mwenzetu mmoja hakuweza kukunja kiwiko, akabaki kwenye uzio akitushikia makoti. Pesa yake haikurudi.

Kwa asiyeijua: skeletoni ni kushuka mkondo wa barafu ukiwa umelala kifudifudi juu ya sleji fupi, kichwa kikitangulia, mikono ubavuni. Usiichanganye na luji, ambayo mtu hulala chali na kutanguliza miguu, wala bobu, ambayo watu huketi ndani ya chombo. Sleji ya skeletoni ni fremu ya chuma yenye vishikio viwili na vyuma viwili vya kutelezea. Haina usukani. Haina breki pia. Kidevu kinapita sentimita chache tu juu ya barafu, na wanariadha wa kimataifa huvuka kilomita 120 kwa saa wakiwa katika hali hiyo.

Hatua ya 1: Tafuta njia ya barafu kabla ya kitu kingine chochote

Njia za aina hii zinazofanya kazi duniani hazizidi ishirini. Ni ghali mno kujenga: mkondo wa zege wa zaidi ya kilomita moja, mabomba ya kupozea ndani yake, na maji yanayonyunyizwa kidogo kidogo mpaka yagande. Kwa hiyo huchagui mji kisha ukatafuta njia. Njia ndiyo itakayokuchagulia mji. Marekani kuna Lake Placid na Park City, Kanada kuna Whistler, Ujerumani kuna Winterberg, Altenberg na Oberhof, Austria kuna Igls karibu na Innsbruck, Norwei kuna Lillehammer, Latvia kuna Sigulda, Ufaransa kuna La Plagne. St. Moritz ya Uswisi ina yake ya pekee: njia ya bobu inayojengwa upya kila msimu kwa theluji na maji, bila mabomba ya kupozea, na joto likirudi inayeyuka na kwenda zake.

Mji huohuo una njia nyingine maarufu iitwayo Cresta, na hapa watu huchanganya. Skeletoni ilichezwa kwenye Olimpiki huko mwaka 1928 na 1948, kisha ikaachwa hadi iliporudi Salt Lake City mwaka 2002, safari hii wanawake nao wakiwemo. Lakini Cresta ni ya klabu yenye taratibu zake, na mshukaji hupunguza kasi kwa meno ya chuma yaliyofungwa kwenye viatu. Wanawake walizuiwa kushuka kuanzia 1929 na waliruhusiwa tena mwaka 2018 tu. Ni mchezo wa jamaa mmoja na skeletoni, si uleule.

Kuwepo kwa njia hakumaanishi kuna nafasi yenu. Nyingi hupokea wageni kwa bobu tu, ambapo unaketi nyuma ya rubani mzoefu ukijishikilia. Andikeni mapema, tena ulizeni waziwazi: je, mgeni anaruhusiwa skeletoni? Wikiendi hiyo hakuna mashindano? Umri wa chini na uzito wa juu ni upi? Tunashuka mara moja au mara mbili? Njia ikifungwa kwa sababu ya hali ya hewa, tunarudishiwa pesa au tunapewa siku nyingine? Barafu kwa kawaida hukaa kuanzia Novemba hadi Machi hivi, na wikiendi nyingi za kipindi hicho huchukuliwa na mashindano, kwa hiyo jibu la "hakuna nafasi" lisiwakatishe tamaa. Sogezeni tarehe.

Mkipewa nafasi ya kushuka mara mbili, ichukueni hata kama inabidi mlale hoteli duni. Mara ya kwanza mtu haoni kitu. Ya pili ndiyo unayoikumbuka.

Hatua ya 2: Kubalianeni nani anashuka

Katika kila kundi yupo anayesema, "Mimi nakuja kupiga picha tu." Mwacheni. Skeletoni si mahali pa kumshawishi mtu kwa utani, kwa sababu akishalala kwenye sleji na kuachiwa hawezi kubadili mawazo njiani. Mpiga picha mzuri aliyesimama kwenye kona ya mwisho ana faida kuliko mshukaji aliyelazimishwa.

Wasishuke wajawazito, wenye matatizo ya moyo, shingo au mgongo, waliofanyiwa upasuaji karibuni, na yeyote aliyepigwa kichwa akapoteza fahamu au kuchanganyikiwa majuma ya karibuni. Mwenye shaka amwone daktari kabla ya kulipa.

Kisha bima. Hapa someni maandishi madogo, tena kwa sauti, mmoja asome na wengine wasikilize. Bima nyingi za safari zinazokubali skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu miguuni, huiondoa skeletoni na bobu kwa jina. Mtu anadhani amekingwa kwa "michezo ya majira ya baridi" yote, kumbe alichokuja kukifanya ndicho kilichoachwa nje.

Na ile fomu ya kukubali hatari mtakayopewa kusaini si pambo. Februari 2010, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya Vancouver, mchezaji wa luji wa Georgia, Nodar Kumaritashvili, alifariki akiwa mazoezini kwenye njia ya Whistler. Baada ya hapo ukuta wa kona ile uliinuliwa na kianzio kikashushwa. Mgeni haanzii kule juu wanakoanzia wanariadha. Anaachiwa kutoka sehemu ya chini, na hata hivyo pale Whistler anaweza kukaribia kilomita 100 kwa saa. Mkiambiwa sheria, mzifuate.

Hatua ya 3: Iandaeni shingo

Wote hujiandaa kwa kukimbia ili miguu iwe na nguvu. Miguu haina kazi kubwa kwa mgeni, kwa sababu hamtakimbia na sleji kama mnavyoona kwenye televisheni. Kiungo kitakacholia ni shingo. Kichwa chako, pamoja na uzito wa helmeti, kinatakiwa kuinuka kidogo tu ili uone mbele, na kwenye kona mwili mzima unalemewa mara kadhaa kuliko uzito wake wa kawaida.

Majuma matatu kabla ya safari, lala kifudifudi kitandani mabega yakiwa ukingoni na kichwa kikiwa nje ya godoro. Inua kichwa uangalie mbele, si juu, ukae hivyo sekunde ishirini, pumzika, rudia mara nne au tano. Ukiona kizunguzungu, acha. Zoezi linachekesha kulitazama, lakini Jumapili utaweza kugeuka kumwangalia anayekuita bila kugeuza kiwiliwili chote.

Mchezo huu hauhitaji mtu aliyezaliwa barafuni. Uingereza haina njia hata moja ya barafu ya aina hii. Ina uwanja wa kufanyia mazoezi ya kianzio nchi kavu, Chuo Kikuu cha Bath, na bado ilichukua dhahabu ya wanawake mwaka 2010 kupitia Amy Williams, kisha 2014 na 2018 kupitia Lizzy Yarnold. Simidele Adeagbo wa Nigeria alikuwa mrukaji wa miruko mitatu. Aliingia kwenye skeletoni miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya 2018 na akashiriki. Mwaka huohuo Akwasi Frimpong wa Ghana, aliyetokea mbio fupi, alimaliza wa 30 kati ya 30, na watazamaji walimshangilia kama mshindi.

Hatua ya 4: Nguo

Baridi ya mwendo ni tofauti na baridi ya kusimama, na wikiendi hii mtasimama sana. Vaeni tabaka tatu. Ya ndani iwe ya sufu laini au kitambaa cha michezo kinachoondoa jasho mwilini. Pamba iacheni nyumbani: ikishalowa jasho haikauki, inakugandia mwilini. Ya kati ni sweta zito. Ya nje izuie upepo na maji. Soksi ni jozi moja nene ya sufu. Wanaovaa mbili wakidhani wamejihami hubana miguu, damu haipiti vizuri, na vidole ndivyo vinavyotangulia kufa ganzi.

Kwa skeletoni yenyewe, chochote kinachopepea ni adui: skafu, kofia ya koti, mikanda, nywele zilizoachwa wazi. Mifuko iwe mitupu kabisa. Funguo zilizosahaulika mfukoni utazilalia kwa uzito wako wote kwenye kila kona. Toeni pete, hereni na mikufu. Viatu viwe vya kufunga kamba, vilivyobana kifundo. Buti pana za theluji zinaweza kukataliwa, na ndivyo ilivyomkuta mmoja wetu akalazimika kuazima viatu vya mwenzake vilivyozidi namba mbili. Mwenye miwani aulize mapema kama inaingia ndani ya helmeti inayofunika uso. Lenzi za macho ni rahisi zaidi.

Begani mwa kila mtu kuwe na mfuko mdogo wenye glavu za akiba, soksi kavu, mafuta ya midomo, maji, chupa ya kuhifadhi joto yenye chai, na krimu ya kuzuia jua. Krimu si mzaha. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza ngozi, kwa hiyo jua linakuchoma kutoka juu na kutoka chini, mpaka chini ya pua na kidevu. Simu iwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi huizima betri hata ikiwa imejaa nusu.

Hatua ya 5: Ijumaa, fikeni na mlale

Hiyo tu. Chukueni vifaa vya kukodi kama duka liko wazi, kuleni, laleni. Pombe iacheni usiku huu. Inakupa hisia ya joto huku ikilitoa mwilini, na njia nyingi hazimruhusu mtu mwenye dalili za ulevi au harufu ya pombe asubuhi.

Hatua ya 6: Jumamosi asubuhi, barafuni

Kuleni chakula chepesi saa mbili hivi kabla. Fikeni mapema kuliko mlivyoambiwa, kwa sababu kuna fomu, kupimwa helmeti na maelezo ya mkufunzi, na anayechelewa maelezo hashuki.

Helmeti ikae ikibana mashavu. Itikise kwa mikono: ngozi ya uso itembee nayo. Ikicheza peke yake ni kubwa, omba nyingine bila haya. Mkipata nafasi, tembeeni kando ya njia kabla ya zamu yenu mtazame wengine wakipita. Kwanza mtasikia mngurumo kwa mbali, halafu kitu kinapita mbele ya macho, halafu kimya. Wengi huishiwa maneno hapo. Ni sawa.

Juu kwenye kianzio mtapangwa foleni. Mchagueni mapema nani atangulie, na asiwe yule mwoga kuliko wote wala yule mwenye majigambo. Atangulie mtulivu, ili habari za kwanza zitakazopanda juu ziwe na maana.

Zamu yako ikifika, mkufunzi atashikilia sleji. Lala taratibu, kifua na tumbo vikae vizuri, mabega yawe sawa na sehemu ya mbele. Shika vishikio vya ubavuni, viwiko ndani. Viwiko vikitoka nje vitagonga ukuta, na ukuta haujawahi kushindwa. Nyoosha miguu, ibane pamoja, vidole vielekee nyuma visiburuzike kwenye barafu. Kidevu kiwe chini, macho yaangalie mbele kwa kupitia sehemu ya juu ya dirisha la helmeti. Vuta pumzi ndefu, uitoe yote. Ndipo atakusukuma kidogo, na kazi inabaki kati yako na mteremko.

Sasa siri yenyewe: usifanye chochote. Wanariadha huongoza sleji kwa kubonyeza bega au goti, mguso mdogo ambao mtazamaji hauoni. Mgeni akijaribu kuongoza huchelewa, na akichelewa husahihisha kona iliyokwisha pita. Sleji yenyewe inajua pa kwenda. Umbo la barafu linaipandisha ukutani na kuishusha. Ukijikaza kama ubao, kila mtikisiko unaingia mwilini. Ukilegea kama gunia, sleji inatulia. Mkufunzi wetu alitushauri tuvute pumzi kwa kuhesabu. Mimi nilihesabu mpaka tatu, nikasahau hesabu yote.

Ukigonga ukuta, na kuna uwezekano mkubwa utagonga kidogo, usiachie vishikio wala usitoe mkono kujizuia. Utapata michubuko ya bega, basi. Ukipinduka, shikilia sleji kadiri uwezavyo, kwani ni salama zaidi kuwa nayo kuliko kuteleza peke yako huku yenyewe ikikufuata kwa nyuma. Usiinue kichwa kutazama uko wapi. Na usiburuze miguu ukidhani unafunga breki. Mwishoni njia hupanda mlima, mteremko unageuka kuwa mpando, na kasi inakufa yenyewe.

Sleji ikisimama, subiri. Usiruke kusherehekea, kwa sababu barafu ileile iliyokuchukua kwa kasi itakuangusha ukiwa umesimama. Mhudumu atakuja, mtatoka pamoja, mtaiondoa sleji ili mwenzako ashuke. Mikono itatetemeka na utazungumza haraka kuliko kawaida, ukirudia sentensi moja mara tatu. Wenzako nao watafanya hivyo, kwa hiyo hakuna atakayekucheka.

Kabla ya mara ya pili, jiulize kwa ukweli: kichwa kinauma? Shingo inachoma? Ukijibu ndiyo, imetosha. Kama sivyo, panda, na safari hii jaribu jambo moja tu: kuona kona inakuja. Mara nyingi hilo peke yake linabadilisha kila kitu, maana hofu ya mara ya kwanza ilitokana na kutojua kinachofuata.

Hatua ya 7: Jumamosi mchana

Kuleni chakula cha moto, kisha mfanye kitu kisichohitaji ushujaa. Kuteleza kwa viatu vya barafu kwenye uwanja ni chaguo zuri kwa kundi lenye wajuzi na wasiojua. Piga magoti kidogo, mikono mbele, na ukianza kuanguka, kaa chini upande badala ya kupigania kusimama. Ukishaanguka kunja vidole ngumi, kwani wengine wanapita na vyuma vikali.

Hatua ya 8: Jumapili, theluji

Shingo itakuwa imekakamaa, na hilo ndilo linaloamua. Ubao wa theluji siupendekezi siku hii, kwa sababu anayeanza huanguka kwa nguvu kwa makalio na kwa mikono, na kila anguko linakwenda moja kwa moja shingoni. Anayetaka mteremko achukue skii na darasa la wanaoanza, la muda wa saa mbili, na mkufunzi, si rafiki anayejua kidogo. Urafiki mwingi umeyumba kwenye mteremko wa wanafunzi.

Dukani, buti za skii zikae hivi: ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti vinarudi nyuma, na kisigino hakinyanyuki. Fundi atakuuliza uzito, urefu na uzoefu wako ili apange vibano vinavyofunga buti na skii. Usipunguze kilo kwa aibu, wala usijiongezee ujuzi. Vibano vinatakiwa kufunguka ukianguka. Visipofunguka, goti ndilo linalolipa.

Somo la kwanza ni kusimamisha mwendo: ncha za mbele za skii zikaribiane, visigino vipanuke, magoti yakunjwe, uzito mbele kwenye miundi. Mwili utataka kuegemea nyuma kwa woga, na ukiegemea nyuma skii zinakukimbia. Ukiweza kusimama pale unapotaka, siku imelipa.

Wasiotaka mteremko wachukue skii za nyika kwenye ardhi tambarare. Ni mwendo wa kutembea na kuteleza, unatoa jasho kweli, na ndani ya saa moja mtu wa kawaida anafurahia. Kwa shingo iliyochoka, mimi naupa mchezo huu nafasi ya kwanza.

Kila nusu saa tazamaneni usoni. Kiraka cheupe au cha kijivu kwenye pua, shavu au sikio, pamoja na ganzi, ni dalili kwamba ngozi inaanza kuganda. Ingieni ndani, pasheni joto kwa kiganja au kwapa. Msisugue, msipake theluji, msisogeze kwenye moto, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi haihisi inapoungua. Isiporudi rangi na hisia baada ya muda, nendeni hospitali.

Jumapili jioni, kabla ya kugawana mizigo, mtazame kila aliyeshuka. Maumivu ya misuli ya shingo na mabega yatakaa siku mbili tatu, na maji ya moto yanasaidia. Lakini mwenye kichwa kinachozidi kuuma, anayetapika, anayeona vitu viwili viwili, mwenye mikono inayowaka au kufa ganzi, au anayeuliza swali lilelile alilojibiwa dakika tano zilizopita, asipewe usukani wala asiachwe asafiri peke yake. Huyo anapelekwa kwa daktari usiku huohuo, hata akisema ni uchovu tu.